Ratiba ya Bohumil

Kaitandaza mezani kwangu, kati ya chumvi na bakuli la mapapai,
karatasi yenye mistari iliyopigwa rula:
saa mbili na robo, kasa;
saa nne kamili, maporomoko;
saa sita na nusu, chakula (cha kienyeji, kisicho pilipili);
saa nane, kanisa lililomezwa na volkano.
Radka, mkewe, alikuwa akitazama kuku.

Nikachukua kalamu yangu ya kuandikia madeni.
Bwana, nikamwambia, hapa ni Savai'i.
Basi la Pelenato huondoka likijaa,
na hujaa pale Pelenato anapoamua limejaa.
Kasa wapo, ila kwanza umwamshe mwenye kasa,
na mwenye kasa ana mke, na mke ana tala tano za kukudai
kwa kupita kando ya nguo alizoanika.
Lipa. Usidai risiti.

Jumapili nikaifuta yote.
Jumapili hapa hata mawimbi huvaa nyeupe.
Utasikia harufu ya moshi kabla ya kengele:
mawe ya moto, magimbi, shelisheli,
majani yaliyolifumbata tui
hadi tui likaganda kama siri.
Ukialikwa, kula. Ukishiba, kula kidogo tena.
Na jioni kombe likilia, kaa papo hapo ulipo,
kijiji kinasali,
hata mbwa wanajua.

Taga usiikose, nikaandika kwa herufi kubwa.
Bahari huingia chini ya mwamba kama mwizi
ikatokea juu kama mwenye nyumba.
Yupo mzee atakayetupia nazi shimoni;
nazi itapaa, mtacheka mpaka mpaliwe.
Simama anaposimama yeye,
si pale panapokupa picha nzuri.

Akasoma. Akakunja. Akauliza,
kwa sauti ya mtu aulizaye bei:
"Na wewe, Fuatino, unapapenda wapi zaidi?"

Miaka kumi na tisa nimewatembeza watu kwa mdomo.
Bwawa la Afu Aau najua ubaridi wake
kwa midomo ya wageni inavyorudi.
Daraja la juu ya miti, kule Falealupo,
nalijua kwa magoti wanayonisimulia.
Mimi mwenyewe tangu nina miaka kumi na moja
sijachovya huko hata kisigino.
Asubuhi ina mayai.
Mchana una shuka.
Jioni ina mtu aliyepoteza chaja.

"Pale," nikasema.
Kiti cha plastiki, cha bluu, meza namba mbili,
kinachotazama maji.
Nimekifuta vumbi sijui mara elfu ngapi.
Kukikalia, bado.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Shamba langu dogo, lingemtosha kuku.
Siku ya tatu nikampa kikaango.

Mayai yaliungua pembeni, katikati yakawa mabichi.
Kipande cha ganda kilinisalimu jinoni.
Radka alileta kakao yenye makapi tele,
nusu kikombeni, nusu kwenye kisahani,
akaomba radhi kwa lugha yao, kisha kwa mikono.
Nikakaa. Nikala polepole, kama mtu aliyelipa.
Chumvi ilikuwa mbali, nikaomba niletewe.
Nikaletewa!
Mbele yangu povu lilipanda mwamba, likashuka,
likapanda, wala sikuinuka kulifuta.

Saa mbili na robo ikapita.
Kasa wakangoja.

Bohumil akaitoa ratiba mfukoni, imelowa mafuta,
akatafuta nafasi kati ya maporomoko na chakula,
hakuiona,
akaandika ukingoni, wima, bila rula:
*Fuatino anakula.*